Bomba la Uani

Kilwa Masoko,
Novemba 1974

Kwa kaka yangu Likwata,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima huko Kikole, wewe, wifi na watoto, na ile nyumba mpya ya kijijini iwe imekwisha kuezekwa kabla mvua hazijakumbuka kunyesha. Kikohozi cha wifi kimepungua? Na mikorosho yetu kule kwenye mahame, kuna mtu anayekwenda kuitazama, au ndiyo tumewaachia ngedere? Sisi huku wazima, tunamshukuru Mungu. Unga ni ule ule wa njano, Mama anaula huku ametazama pembeni. Nami nimechoka, kaka. Siumwi, nimechoka tu, na ukisoma mpaka mwisho utajua sababu.

Lile jambo letu nimelibeba kama tulivyokubaliana. Tangu uliporudi kutoka Mlimba ukaniambia kwamba homa imemchukua mdogo wetu Salumu kwenye kambi ya reli, na kwamba umemkuta amekwisha kuzikwa huko huko, sijamwambia Mama neno. Hospitali walisema moyo wake hautaki mshtuko, nasi tukasema tusubiri apate nafuu. Sasa yapata mwaka. Kila akiuliza namwambia Salumu hajambo, kazi imemshika, wakubwa zake wanampenda. Ninaposema hivyo natafuta kitu cha kushika mkononi, maana macho ya Mama siyawezi.

Basi juu ya hilo likaja la maji. Unaijua nyumba hii ya walimu, ina bomba uani na mita yake ukutani, kile kisanduku cha chuma chenye namba. Tangu niachike tuko wawili tu, mimi na Mama, na hatuna hata bata. Mwezi wa nane ankara ya maji ikaja imevimba. Nikadhani wamekosea nyumba. Nikaenda ofisini, karani akanionyesha kwamba namba ni zile zile za kwenye mita yangu, kisha akaniuliza kwa upole kama nimeanza kufuga viboko. Mwezi uliofuata ikazidi, na chini yake wameandika kwamba nisipolipa bomba litafungwa. Likifungwa, kaka, ni mimi na ndoo kwenye foleni ya bomba la mtaa alfajiri, ndipo niende nikasimame mbele ya watoto, na Mama abaki nyumbani bila maji.

Nikamwita fundi bomba mmoja, Klementi, mtu wa maneno mengi. Alilala kifudifudi akatega sikio, akaapa kwamba bomba limepasuka ardhini na anayasikia maji yakinung'unika. Akachimba kutoka ukutani hadi jikoni, akang'oa muhogo wangu wote, akakuta bomba zima na udongo mkavu. Akasema basi limepasuka mbele zaidi. Nikamwambia aweke sururu chini aende zake. Mama alikuwa barazani anasuka ukili, akaniuliza tunatafuta nini. Nikamwambia tunatafuta maji yanakopotea. Akanijibu kwamba yeye ameketi hapo siku zote na hajaona tone lililopotea. Sikumtilia maanani.

Kisha nikafanya la aibu. Jirani yangu Genoveva, mke wa askari, mtu wa milima ya Kipatimu, ana tuta la mchicha nyuma ya nyumba yake. Ukame huu umeunguza kila kitu, lakini mchicha wake umenawiri. Nikamwendea na hasira zangu, nikamwambia anamwagilia kwa jasho langu. Alinitazama sana. Akasema hakujua kwamba mtu anaweza kumsimanga mwenziwe kwa maji ya marehemu. Mimi nikadhani hivyo ndivyo wanavyotukana watu wa kwao, nikamjibu kwamba marehemu atakuwa yeye. Tukanuniana tangu siku ile.

Jumatano iliyopita wanafunzi walikuwa kwenye shamba la shule, nami nikarudi nyumbani asubuhi kuchukua jembe nililolisahau. Nikakuta wanawake wamejipanga na ndoo na madebe, kutoka bombani hadi nje ya ua, wengine hata kwa sura siwajui. Mama amekaa kwenye kigoda karibu na mita, kata yake ameiweka juu ya kile kisanduku, anawapanga zamu. Kila aliyejaza chombo alisimama kidogo akasema Mungu amrehemu Salumu, ndipo akajitwika. Mmoja wao akanishika mkono, akanipa pole ya ndugu yangu, akasema sabili ya maji kama hii hajaiona katika mji huu tangu azaliwe.

Walipokwisha kuondoka nilikaa kwenye ule udongo aliouchimbua Klementi, nikalia mbele ya Mama kwa mara ya kwanza tangu Salumu atutoke.

Mama hakulia. Alinieleza taratibu, kwamba mwanawe amefia mbali, hakumwona, hakumsomea hitima, kwa hiyo amemtolea maji sabili, achote kila mwenye haja bila kulipa, na thawabu zimfikie mtoto. Akasema sadaka haitolewi katika mali ya mtu mwingine, ndiyo maana aliniomba kwanza. Nami nikakumbuka. Nilikuwa nasahihisha madaftari, akaniuliza kama maji haya ni yake, na bila kuinua kichwa nikamjibu, ni yako Mama, yafanye utakavyo. Ile mita alidhani ni kufuli. Nilipomwambia kwamba inahesabu, alishika kinywa, akauliza kama inahesabu hata maji ya sadaka.

Nikamuuliza ni nani aliyemwambia habari za Salumu. Akasema ni sisi. Tangu utoto wake tulikuwa tukimsema, mimi na wewe, kwamba ni mvivu, ni mkopaji, hana salamu, na kazi ya reli ataikimbia. Halafu ghafla tukaanza kumsifu, na hakuna aliyemlalamikia tena. Hapo, akasema, ndipo alipojua hana mtoto. Alinyamaza kwa kuwa alituona tumechoka kumficha. Wewe umehamishwa, mimi nimeachika, akaona akisema tutaanza kulia upya.

Ankara nitailipa kidogo kidogo, karani amekubali. Bomba tunalifunga, na mlangoni tumeweka mtungi na kata, maji ya kunywa tu. Genoveva nimemwomba radhi. Alinipa mchicha, akaniambia kwamba Jumapili zote alikuwa akimtaja Salumu kanisani, hakujua kama kwetu inafaa. Nikamwambia inafaa.

Sasa lililonifanya nikae niandike. Mama ana swali moja, na ameniuliza mimi ambaye sikuwepo. Anauliza kama Salumu alipewa maji. Alipokuwa akikata roho, kuna mtu aliyemdondoshea maji mdomoni, au alikwenda na kiu? Nilifungua kinywa nimwambie alipewa, maana kudanganya nimekwisha kuzoea. Safari hii sikuweza. Hukuwahi kuniambia, nami sikukuuliza kwa sababu niliogopa.

Wewe ulionana na wenzake wa kambini. Njoo umjibu Mama mwenyewe. Usinitumie jibu kwa maandishi, nisije nikamsomea zuri kuliko uliloandika. Kama alipewa, mwambie ni nani aliyempa, naye amwombee mtu huyo. Kama hakupewa, mwambie hivyo hivyo.

Barua hii anaileta Abilahi, dereva wa ushirika, na gari lake linarudi huku keshokutwa. Panda nalo. Msalimie wifi, wabusu watoto, na majirani wote waliotuuliza hali wape salamu zetu. Mama anakusalimu sana.

Na ukifika, kaka, usimsifu Salumu. Sema alivyokuchukulia baiskeli akaiuza Kinjumbi, akarudi kwa miguu akitabasamu. Mmkasirikie kidogo, wewe na Mama. Amemkosa mtoto wake muda mrefu.

Ni mimi mdogo wako,
Adija