Migongo Mitatu Kutoka Salamabila

Kasongo, Jumanne mchana

Tangu asubuhi ukungu haujaondoka barabarani. Hakuna upepo. Nguo tulizofua jana ziko kwenye kamba, mbichi vilevile, na mimi nimekaa barazani naandika kwa simu kwa sababu sitaki kurudi ndani.

Ndani kuna chumba cha kukandia watu. Ni chetu sisi wanawake wanne: Mama Salima, Feza, Riziki na mimi. Huu ni mwezi wa tatu tangu tuanze koperative yetu, ushirika wa kukanda. Zamani kila mmoja alikanda peke yake, wazazi waliotoka kujifungua, watu walioanguka na pikipiki, unaitwa leo na kusahauliwa kesho. Sasa tuna nyumba, mikeka, mafuta, na kanuni moja ambayo Mama Salima alitaka tuiseme kwa sauti siku ya kwanza: hapa hakuna patron, hakuna wa kuamuru wenzake. Jambo likitokea, tunakaa wanne, tunainua mikono.

Wiki mbili zilizopita alikuja mchimba dhahabu kutoka Salamabila. Akalala kifudifudi, nikamkanda. Chini ya bega la kushoto nilikuta mshipa mgumu kama kamba iliyolowa. Nilipoubana kwa kidole gumba akasema, "Mama Amina."

Nilifikiri anamwita mke wake. Nilipomuuliza, akashangaa. Alisema hakutamka neno lolote, na mke hana.

Wiki iliyopita akaja mwingine, mtu mzima, hamjui yule wa kwanza. Bega lilelile. Mshipa uleule.

"Mama Amina, iko maji huku."

Sikumwambia mtu.

Mama Amina ni Feza. Amina alikuwa mtoto wake wa kwanza, alikufa kabla hajatembea, na tangu hapo sote tuliacha kumwita hivyo ili tusimuumize. Mume wake peke yake hakuacha. Alikuwa anasema mtoto akifa, mama yake haachi kuwa mama yake. Kisha akaenda Salamabila kuchimba. Huu ni mwaka wa nne hatujasikia habari zake, na Feza amekataa kufanya matanga.

Nilijiambia nimechoka, masikio yananidanganya. Nikajiambia namhurumia Feza. Ukweli ni kwamba niliogopea nyumba. Tumeipata kwa shida, na sikutaka kitu chochote kiifunge.

Leo asubuhi zamu ilikuwa ya Feza. Mtu akashuka kwenye pikipiki, matope yamemkaukia mpaka magotini, akasema anatoka Salamabila na mgongo unamsumbua. Mimi nilikuwa pembeni nakunja vitambaa. Niliona kidole cha Feza kikishuka, kikishuka, kikikaribia bega la kushoto. Nilitaka kumwita.

Sikumwita.

Yule mtu alikuwa amefumba macho. Akafungua mdomo.

"Mama Amina, mikono yako iko moto."

Feza hakulia. Hakuondoa hata mikono. Aliendelea kukanda, taratibu, kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona akimkanda mtu, mpaka ule mshipa ukalegea na mgongo wote ukawa laini. Akamfunika kitambaa. Yule mtu alipoinuka, Feza akamuuliza anachimba wapi.

"Pembeni ya shimo ya zamani, ile ilijaa maji," akajibu. "Iko watu mule ndani, dada. Majina yao hatujui."

Alipoondoka tukakaa wanne. Nikasema yote, ya wiki mbili zilizopita na ya wiki iliyopita. Nilingoja Feza anifokee. Aliuliza jambo moja tu.

"Wale wawili, sauti ilikuwa yao?"

Nilijua jibu tangu siku ya kwanza. Nikamwambia hapana. Wote watatu walitumia sauti moja, ya mtu mwenye mafua.

"Mume wangu alikuwa anasema hivyo," akasema Feza. "Hata bila mafua."

Anataka kwenda kwenye lile shimo, asome dua pale, kisha arudi kufanya matanga. Akaomba tufunge nyumba siku chache na mmoja wetu amsindikize. Mama Salima alitikisa kichwa.

"Watu wakisikia wafu wanasema kwenye mikeka yetu, nani atalala hapa tena?"

Hakukosea. Riziki akainua mkono. Feza akainua. Nikainua na mimi. Mama Salima aliacha mikono yake mapajani.

Watatu kwa mmoja. Ikapita.

Kisha Mama Salima akasimama, akaenda kwake, si mbali. Alirudi na kitambaa cheupe kimekunjwa, kinanuka udi. Ni sanda yake. Amejiwekea mwenyewe miaka mingi, sote tunajua. Akaiweka mbele ya Feza.

"Kama mutamuona," akasema.

Kesho alfajiri Feza na mimi tunapanda pikipiki mpaka Kabambare, kisha Salamabila. Barabara ni mbaya na huenda mvua ikatukuta, lakini hilo halinisumbui. Feza amekaa ndani na ile sanda magotini, hajaomba hata maji.

Mimi nilinyamaza wiki mbili. Kule shimoni, mume wa Feza ameita kwa muda gani?