Kocha kaja na jezi

Sadru, hebu sikia haya. Kocha wa chuo kaja hapa Buswelu kwa dada yangu, mkononi jezi ya timu!

Jezi, Sadru! Wachezaji wake wawili wamembaka mjukuu wetu Janet bwenini, yeye analeta jezi na kreti ya soda. Utadhani kaja kuposa.

Eti, "Shikamoo mzee. Tuyamalize kifamilia, msifike polisi. Jumamosi vijana wana fainali." Fainali!

Na wazee wetu, soda mkononi, wakaanza kuitikia, "Ni kweli, ni vijana tu."

Janet akaikunjua ile jezi. "Kocha, hii ni ya aliyenishika mikono au ya aliyefunga mlango?"

Wazee wakaziweka soda chini, mmoja mmoja.

Mama yake Janet ameshavaa viatu. Tunakwenda polisi.