Nilisema "Wapo" Bila Kuhesabu

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na kama inawezekana unijibu kabla ya Ijumaa, maana Ijumaa natakiwa kupeleka maelezo niliyotia sahihi, na nikiandika nilivyosema mwanzo nitakuwa nimemmaliza mtu asiye na hatia, na nikiandika ukweli nitakuwa nimejimaliza mwenyewe.

Mimi ni fundi cherehani, nina mume na mtoto mmoja wa kiume wa miaka tisa. Nina rafiki ambaye tumekuwa chanda na pete tangu usichanani, yeye ni mwalimu wa chekechea na hata mimi namwita Mwalimu, na binti yake wa miaka sita tunamwita Kidoti kwa sababu ya alama aliyo nayo shavuni, na mtoto huyo ananiita mama mdogo, na gauni zake karibu zote nimeshona mimi. Kila mwaka familia zetu mbili na marafiki wachache tunaenda kambi ya mwishoni mwa wiki msituni, tunalala kwenye mahema, watoto wanafundishwa sauti za ndege na nyayo za wanyama, wanaume wanagombania nani anajua kuwasha moto, tunarudi Jumapili na matope mpaka masikioni na tumefurahi. Mwaka huu aliyetuongoza kwenye matembezi ni dada mmoja kijana, mfanyakazi wa ile kambi, watoto walimwita Filimbi kwa sababu filimbi haikumtoka shingoni, na alikuwa hana mchezo, Jumamosi mchana kabla hatujaenda kuona maporomoko alimgawia kila mtu mzima watoto wake, akaniambia, "Mama, hawa wawili ni wako mpaka turudi. Ukichoka sema, usinyamaze." Nilipewa mwanangu na Kidoti, kwa kuwa Mwalimu alibaki kambini, mguu ulikuwa umeteguka.

Mwanangu akakimbilia mbele na wenzake, Kidoti akawa anajikokota, mara anaokota mbegu, mara kiatu kinambana, na mimi mwili ulikuwa njiani lakini akili haikuwepo, nilikuwa nasubiri simu ya kiwanda kimoja cha nguo nilikoomba kazi ya usimamizi na mtandao kule unakamata na kuachia, basi nikaona kilima pembeni, nikamkalisha Kidoti kwenye gogo nikamwambia, "Kaa hapa, usibanduke, mama mdogo anarudi sasa hivi." Mshauri, simu iliingia, tuliongea kama dakika ishirini, kazi nikapewa, nikashuka nacheka peke yangu kama mwehu, ila nilishukia upande mwingine na moja kwa moja nikalikuta kundi limekaa kwenye mawe ya mto, watoto wamejaa, makelele, nikajiambia Kidoti atakuwa ameshawafuata wenzake. Filimbi akanijia, akaniuliza, "Wako wote wapo?" Nikamjibu, "Wapo." Watoto wawili tu, mshauri, na sikuhesabu.

Tulirudi kwa njia ya mzunguko, hatukupita tena pale. Tunafika kambini, chai inamiminwa, Mwalimu ananyoosha shingo kila anapopita mtoto, halafu akauliza kwa sauti ndogo, "Kidoti wangu yuko na nani?" Watu wakaanza kuhesabu watoto. Wingu lilikuwa limeshatanda, watu wakatawanyika wakiita, Mwalimu anachechemea na mguu wake mbovu, ameshika fimbo ya hema, anaita mpaka sauti inakatika, na mimi nilijua nilipomwacha mtoto, nilijua, lakini sikusema, nilisema tu, "Ngojeni nijaribu upande huu." Nikakimbia mpaka kwenye gogo, hayupo. Niliita karibu saa nzima, mvua ikaanza, na hata hapo sikurudi kuwaambia waje wote upande ule. Nilimkuta kwenye korongo chini ya jabali, amevunjika mkono, midomo inamtetemeka, akaniambia, "Nilikaa sana, mama mdogo, hukuja."

Nilimbeba. Njiani nikamwambia, "Tukifika sema ulimfuata kipepeo. Habari ya gogo usimwambie mtu, hata mama. Ni siri yetu wawili." Akatikisa kichwa, akakubali.

Mwalimu alinibusu mikono mbele ya watu wote. Mkuu wa kambi akamgeukia Filimbi: ulihesabu? Akasema, "Nilimuuliza mama huyu, akaniambia wapo." Wote wakanitazama, nikasema, "Mimi sikumbuki kuulizwa." Yule dada hakubishana, alinitazama tu, mpaka leo nikifumba macho naliona lile jicho.

Sasa amesimamishwa kazi, Ijumaa kamati ya kambi inakaa, na wanataka maelezo yangu kwa maandishi. Kidoti ameanza kukojoa kitandani, akinisikia mlangoni anajificha nyuma ya pazia, na mama yake ananiuliza, "Anakuogopa nini wewe uliyemwokoa?" Mbaya zaidi amepanga turudi wote kambini mwezi ujao, eti mtoto azoee, na amemwahidi kwamba safari hii atalala hema moja na mimi. Nilimwambia mume wangu kila kitu, akaniambia yaliyopita si ndwele, mtoto amepona, huyo dada atapata kazi kwingine, ukifungua mdomo utavunja nyumba mbili. Nisaidie, mshauri, nikae kimya nitunze urafiki wa miaka ishirini au niseme nipoteze kila kitu?

Ni mimi, Fundi.

MSHAURI ANAJIBU

Fundi, barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuonea huruma, mara ya pili nilikasirika, na jibu hili linatoka pande zote mbili.

Kumsahau mtoto ni kosa ambalo mzazi yeyote aliyechoka anaweza kulifanya, na asikudanganye mtu kwamba yeye hawezi. Kwa hilo sikuhukumu. Lakini wewe hukukosea mara moja. Ulisema wapo bila kutazama, ukajua alipo na ukawaacha watu watafute kwingine mvua ikinyesha, ukamruka yule dada mchana kweupe. Na lililo baya kuliko yote hukulipa hata uzito: ulimfundisha mtoto wa miaka sita kumficha mama yake jambo lililomuumiza. Leo siri ni yako. Kesho atakuja mtu mwingine mwenye siri yake, naye atamkuta mtoto ameshazoea.

Mama yake anauliza anakuogopa nini? Anaogopa kukusaliti. Umemtwika mzigo ambao wewe mwenyewe, mtu mzima, umeshindwa kuubeba mpaka ukaniandikia mimi nikusaidie. Na mumeo mwambie hivi: yaliyopita si ndwele, ni kweli, lakini haya hayajapita. Yanaamka kila asubuhi kwenye shuka lililolowa.

Usinipimie urafiki wa miaka ishirini. Mwalimu anambusu mikono mtu ambaye hayupo. Huo urafiki uliuacha kule korongoni, na njia pekee ya kujua kama umebaki kipande chake ni kusema.

Kwa hiyo fanya hivi, na ufanye leo, usingoje Ijumaa ikufanyie. Nenda kwa Mwalimu kwa miguu yako, si kwa simu, na mumeo abaki nyumbani. Anza na gogo, umalizie na kipepeo, usiruke neno. Usilie kabla yake, maana ukilia wewe itabidi akubembeleze, na leo si zamu yako kubembelezwa. Kisha omba, akikubali, Kidoti aitwe, na mbele ya mama yake umwambie kwamba wewe ndiye uliyekosea, kwamba yeye alifanya kama alivyoambiwa, na kwamba siri ile imekwisha. Akikataa usimwone mtoto, ondoka, ni haki yake, naye mwenyewe atamwambia mwanawe. Ukitoka hapo andika maelezo yako kwa kamati: "Aliniuliza, nikamjibu wapo, na sikuhesabu." Mstari huo tu unatosha kumrudishia mtu jina lake. Nakala mpelekee yeye mwenyewe, mkononi.

Usiombe msamaha kwa masharti, na usingoje kupewa. Unaweza kusamehewa, unaweza kufungiwa mlango. Vyovyote vile, safari ya kambi mwezi ujao huendi.

Mwandishi wa barua hii tulimjibu kwa simu kabla ya kuichapisha, kwa sababu ya ile Ijumaa. Ametuandikia tena mistari michache, na ametuomba tuiweke:

"Nilienda siku ileile. Mwalimu alinisikiliza amesimama, mkono kwenye kiti, hakunikatiza hata mara moja. Nilipomaliza akamwita mwanawe mwenyewe. Nilisema kama ulivyoniambia. Kidoti alimtazama mama yake, akauliza, 'Kwa hiyo sasa naruhusiwa kusema?' Mwalimu akapiga magoti, akamwambia, 'Sema, mama, sema yote,' na mtoto akaanza, maneno yanagongana, mpaka mambo ambayo mimi sikuyajua: kwamba aliimba ili asiogope, kwamba aliposhuka korongoni alikuwa ananitafuta mimi, alidhani nimepotea. Hapo Mwalimu akaninyooshea kidole mlangoni, nikatoka.

"Filimbi amerudishwa kazini. Nilipompelekea nakala aliisoma palepale getini, akaikunja, akasema, 'Sawa, mama,' akaingia ndani. Mwalimu hajanisemesha, simu zangu hapokei, na nimeacha kupiga. Ila mumewe alikutana na wangu, akamwambia mtoto sasa wiki ya pili anaamka mkavu."