Beki Asiyeanguka

Jumatatu, 3 Machi

Nimekufa tena. Safari hii kwa kisu, nyuma ya gereji. Mwongozaji kafurahi, anasema hakuna anayeanguka vizuri kama mimi. Lazima! Miaka yote ile nikicheza beki, washambuliaji walikuwa wakianguka miguuni pangu bila hata kuguswa. Nilikuwa nawachukia. Kumbe walimu wangu wale.

Mimi mwenyewe uwanjani sikuanguka ovyo hata siku moja. Ndiyo maana wakaniita Nguzo. Mpaka goti liliposalimu amri, nikaingia kwenye maigizo.

Kosa moja tu leo. Msaidizi wa mwongozaji kapuliza filimbi kunyamazisha watu wa nje — na mimi, maiti, nikainua mikono juu: "Sijamgusa!" Onyesho zima likarudiwa.

Jumatano, 5 Machi

Nimepita kwa Mama. Namuuliza, jana hukuniona kwenye TV? Kaniona nikiingia, akazima. Nikikunjwa shati tu, anazima.

Najua sababu. Baba alianguka jikoni asubuhi, kikombe mkononi, hakuinuka. Mama alikuwa amesimama pale pale. Anasema ameshazika mmoja, hawezi kunizika kila wiki halafu Jumapili nije kumaliza chakula chake.

Kaniuliza kama hawana watu wengine wa kuua. Nikamwambia, Mama, hii ndiyo sura niliyopewa. Hakucheka.

Jumapili, 9 Machi

Mama wee! Nimepewa baba! Si jambazi, si mlinzi wa jambazi, si dereva wa jambazi. Baba, mwenye duka, ana binti, ana maneno ya kusema! Anagombana na shemeji yake, mwisho anakaa mezani na familia. Nimesoma skripti mpaka ukurasa wa mwisho, nikarudia. Mzima wa afya.

Nimempigia Mama, nikamwapia kuwa safari hii mwisho niko mzima. Kasema Ijumaa atakuja kazini kujionea mwenyewe, maana viapo vyangu anavijua. Dada atamleta. Mke wangu anasema nimeanza kutembea kama mtu mwenye duka.

Alhamisi, 13 Machi

Karatasi mpya za skripti. Watazamaji wamezoea nife, anasema mwongozaji. Baba anapigwa risasi mlangoni mwa duka lake.

Nikasema kuna mtu nimemuahidi. Kasema hata yeye kuna mtu amemuahidi, tena mwenye kituo cha TV.

Nikampigia Dada: kesho msije. Kanijibu Mama ameshapiga gauni pasi, kama nina ubavu nimwambie mwenyewe. Sikumwambia. Beki mzima, nimeogopa simu!

Ijumaa, 14 Machi

Naandika nikiwa chooni, huku huku kwenye kazi. Shati limelowa damu ya rangi, linanata.

Mama yupo. Kiti cha plastiki nyuma ya kamera, mkoba mapajani, Dada pembeni yake. Wamempa soda, hajaigusa.

Mara ya kwanza — pa! Nikasimama. Mara ya pili — pa! Nikasimama, nimeshika mlango. Mwongozaji akapiga kelele: "Nguzo, hizo ni risasi, si mipira!" Watu wote kicheko. Mama kaukumbatia mkoba. Uso ule ule wa siku ile ya jikoni. Mara ya tatu magoti yakagoma kabisa. Na mimi kila siku nalalamika goti bovu!

Mwongozaji kasema anarudia mara moja tu. Nisipoanguka, nafasi ya mwenye duka anapewa mtu mwingine, na mimi nisimtafute tena.

Naipenda kazi hii. Basi, nimesema. Sijui nyingine, na sitaki nyingine. Ila sitaki Mama anione nikifa.

Mlango umegongwa. Nikajua msaidizi. Kumbe Mama.

Kasema nitoke, watu wa watu wana kazi. Nikamwambia, Mama, rudi nyumbani, nitakuja baadaye. Hataki. Kasema niliapa mwisho nitakuwa mzima, kwa hiyo anausubiri huo mwisho. Halafu, sauti chini: nianguke tu, yeye atafumba macho. Atamshika Dada mkono. Ila wakisema kata, niinuke haraka. Haraka, mwanangu, usinichezee.

Nimeitikia. Hajaondoka. Namsikia anafungua mkoba, anaufunga, anaufungua.

Filimbi hiyo. Natoka.