Plasta Nilizozikata Nusu

Jumatatu, 3 Machi
Mkwe kanionyesha pa kubonyeza, kaenda zake. Haya simu, sikiliza – kusoma sijui, ila mdomo ninao! Nimetoka kliniki na mzee wangu. Vidole vya mguu vimeanza kuwa vyeusi. Sigara hizo! Miaka arobaini na sita. Hata siku ya harusi alinuka moshi, mama akaniuliza, huyu ni bwana harusi au jiko? Daktari kasema asipoacha, mguu unakatwa. Nesi katupa plasta za dawa ya kuacha sigara, za kubandika mwilini, kumi na nne, bure, kila siku moja. Ijumaa ya wiki ijayo mzee atapuliza kimashine. Kikisoma safi, anapewa nyingine za miezi miwili. Kikisoma moshi, basi tena, tununue wenyewe. Nikauliza bei. Boksi moja ni sigara zake za mwezi mzima! Nesi akacheka: bibi, na mguu wa bandia unajua bei yake?

Jumanne, 4 Machi
Nimezikata kwa mkasi. Kumi na nne zimekuwa ishirini na nane! Sabuni nakata, vidonge vya kichwa nakata, hizi zina nini? Nambandika mwenyewe mgongoni, haoni. Wakitunyima, tuna akiba.

Jumapili, 9 Machi
Mkali kama nyigu. Kavunja kikombe. Eti, mke wangu, wenzangu dawa inawashika, mimi nimeshaoza. Na machozi! Hata mamake alipozikwa hakulia. Nikageuka kukunja nguo. Nguo gani, zilishakunjwa.

Alhamisi, 13 Machi
Kanuka moshi. Nimembandika nusu mbili kwa pamoja. Sasa ndiyo nini!

Ijumaa, 14 Machi
Niko kwenye benchi, nanong'ona. Mzee yuko ndani, keshapuliza. Mlango haukufungwa vizuri. Nesi anamuuliza, babu, umevuta? Moja tu, jana. Dawa haina kosa, mzee anasema, mbovu ni mimi. Masikini! Nesi anasema, basi babu, kwako hazifanyi kazi, ni ghali hizi, nitampa mwenye kufaidika nazo. Anatafuta kalamu. Na boksi ninalo hapa mkobani, nusu zote zilizobaki, nimezifunga kwa raba. Mzee atanitazamaje? Ngoja, simu, nainuka – goti hili nalo! Nesi, mwanangu, usiandike. Usiandike kwanza –