Oili Isiyodondoka Chini

Jumatatu, 3 Machi 2025

Leo nimeitwa mwizi. Neno lenyewe hakulitamka. Hezekia ni katibu wa kamati ya zahanati, ana maneno ya kisomi. Alisema, "Oili haipai kama mvuke, dada Yudith." Mbele ya nesi, mbele ya kina mama walioleta watoto kupimwa uzito. Wote wakaniangalia mikono.

Jambo lenyewe ni hili. Giaboksi ya Landkruza ya zahanati imepungukiwa oili tena. Mara ya tatu tangu Januari. Mimi ndiye niliyefungua bolti ya kujazia, nikatia kidole, kikatoka kikavu. Mimi ndiye niliyeripoti! Mwizi gani anaripoti wizi wake?

Lakini chini ya gari hakuna hata tone. Sakafu ya banda ni saruji, safi. Hapo ndipo Hezekia alipopata la kusema: gari linalovuja huacha doa, hili haliachi doa, basi oili inatokea mlango mwingine. Eti kuna mwenye lori hapa Malindi yetu ya Lushoto ana oili ya gia kila siku na haijulikani anaipata wapi.

Miaka sita naendesha gari hili. Nimeshusha wajawazito, nimeshusha waliovunjika, nimeshusha maiti mbili. Sijawahi kwenda nyumbani hata na kitambaa cha kufutia kioo.

Kamati inakaa Jumamosi ya tarehe 15. Nijieleze. Nimeruhusiwa kuijaza leo tu; mpaka siku hiyo dumu la oili limefungiwa kabatini kwa Hezekia.

Jumatano, 5 Machi

Jumatano ya Majivu. Mchungaji kasema kila mtu achague kitu akiache mpaka Pasaka. Nikachagua hasira. Ilidumu mpaka mlangoni. Hezekia alikuwa anasalimia watu, mimi akanipa ncha za vidole tu, kama vile nitamchomoa pete.

Nitaacha sukari.

Alhamisi, 6 Machi

Asubuhi nzima chini ya gari. Nimesugua giaboksi kwa dizeli na brashi mpaka chuma kikang'aa, nikakausha kwa matambara. Halafu poda ya watoto — nimeomba kwa Mwanaheri, nesi wetu. Hila hii nilifundishwa na dereva mmoja mzee pale Mombo, enzi nabeba kokoto: paka poda, tembea na gari, mahali panapovuja patajichora penyewe.

Mwanaheri amefunga Ramadhani, koo kavu, lakini alichuchumaa akanishikia tochi. "Unalipaka kama kichanga kilichotoka kuogeshwa," akasema. Kidogo nikacheka.

Nikaenda Rangwi kupeleka chanjo, nikarudi. Utelezi, mashimo, milima yote ile. Nikaingia tena chini. Matope yamerukia huku chini, lakini kwenye maungio yote ya giaboksi poda iko palepale. Nyeupe. Kavu.

Dereva gani duniani anaomba gari lake livuje? Mimi! Nimelala kwenye matope naomba tone moja, tone moja tu lenye ile harufu ya yai viza ya oili ya gia, linirudishie jina langu. Hakuna. Nikatia kidole: imepungua tena. Kidogo, lakini imepungua.

Mungu ananiona. Inakwenda wapi?

Jumamosi, 8 Machi

Nimeteremka Lushoto kwa fundi. Wamenielekeza kwa Tobia, eti hakuna Landkruza asiyoijua.

Nimefika, hata salamu hajaimaliza. "Mama, mlete mwenye gari nimweleze." Nikamwambia gari ni la zahanati, dereva ni mimi. "Basi njoo na mumeo." Mume wangu! Mume wangu analima kabichi. Hajui hata kujaza upepo baiskeli. Ni mtu mwema, lakini nimlete aelezwe nini?

Tobia akalizunguka gari mara moja. Akapiga tairi teke. Akasema sili ya nyuma, ule mpira unaozuia oili, imekufa, na iliyoiua ni mimi, wanawake huwa wanaweka mguu kwenye klachi muda wote kama wanakanyaga cherehani. Hakuinama! Hakupiga goti! Nikamwambia sili ya nyuma ni kavu, nimeipaka poda. Vijana wa gereji wakaangua kicheko. Poda!

Nikawasha gari nikaondoka. Pale barabarani Siku ya Wanawake imepamba moto, kina mama wamevaa vitenge sare, ngoma, vigelegele, mabango ya haki na usawa. Nikapiga honi kwa nguvu zote. Walidhani nawashangilia. Nilikuwa nalia.

Jumatano, 12 Machi

Niko Lushoto, kwa binamu yangu. Nimechoka lakini lazima niandike kabla sijasahau mpangilio.

Saa moja asubuhi Mwanaheri alinipigia. Jenoveva ana uchungu tangu jana, mtoto amekaa vibaya, zahanati haiwezi, ateremshwe hospitali. Jenoveva huyu ni mdogo wake Hezekia. Tumbo moja. Mumewe ni Kristian, yule fundi wa pikipiki.

Nikakimbia kwa Hezekia kuomba oili. Akaanza: suala hilo liko mbele ya kamati, kuna utaratibu. Hakuuliza hata mgonjwa ni nani! Nikamwambia, "Ni Jenoveva." Rangi ikamtoka usoni. Akarukia kabati — limefungwa. Ufunguo uko kwa mke wake, na mke wake ameenda gulioni na pikipiki ya alfajiri. Akavuta kitasa mpaka kikamkata kidole. Sikusubiri. Mtoto hasubiri ufunguo.

Mvua. Jenoveva amelala nyuma, Mwanaheri amemshika, Kristian amekaa sakafuni miguuni kwake. Tulipofika Lukozi giaboksi ikaanza kuimba. Kufika Magamba ilikuwa inalia, kilio cha chuma, unakisikia kwenye meno. Gia ya tano sikuigusa. Namba mbili, namba tatu, polepole, nawaza: ikishika hapa, kwenye kona hii, na huyu binti huko nyuma? Nani atakuwa ameua?

Kristian akauliza, "Giaboksi inalia?"

"Inalia njaa," nikajibu.

Akaufunika uso kwa mikono yote miwili. Nikadhani ni kwa ajili ya mkewe.

Tulifika. Wamempasua. Mtoto wa kike, mzima, mama mzima. Mungu asifiwe! Niseme hilo kabla ya mengine.

Nilikaa uwanjani kwa hospitali, kando ya gari. Nikaanza kuirudia safari kichwani. Ule mteremko mbaya niliweka foo-wili nzito, magurudumu yote manne yanavuta. Na ile boksi ndogo ya foo-wili, ambayo imepachikwa mgongoni mwa giaboksi, haikulia. Kimya. Giaboksi inakufa kwa njaa, na jirani yake wa ukuta mmoja hana shida yoyote!

Nikachukua spana nikaingia chini hapohapo, na sare yangu. Nikafungua bolti ya kujazia ya boksi ndogo. Oili ikiwa sawa, inatakiwa iishie kwenye mdomo wa tundu, uiguse kwa kidole tu. Haikusubiri kidole. Ilimwagika! Vuguvugu, kiganjani, kwenye mkono wa shati, shingoni. Nikapiga ukelele wa kicheko mpaka mlinzi akaja kuangalia nani amefiwa.

Haikuibiwa. Haikuvuja nje. Inavuja ndani! Inahama kutoka boksi hii kwenda ile, na nje hakuna tone. Nikaikaza bolti haraka. Ushahidi usiniishie uwanjani kwa watu.

Alhamisi, 13 Machi

Asubuhi kwa Tobia. Nilimwambia neno moja tu: "Inama." Sijui aliona nini usoni kwangu, akainama. Akafungua bolti, ikammwagikia na yeye. Akaomba tochi na kile kioo chao kidogo chenye mkono, akachungulia juu, mahali ambapo boksi mbili zinakutana, mahali ambapo jicho langu halifiki.

Akatoka chini taratibu. Akasema sili ya katikati imewekwa vibaya, au imerudishwa ileile ya zamani, atajua akitenganisha. Lakini maungio yamefunguliwa hivi karibuni. Gundi nyekundu, bado mpya, imepakwa kama mtu anapaka siagi.

"Nani alifungua?"

"Hakuna aliyefungua."

"Dereva," akasema — dereva, siyo mama! — "kuna mtu kafungua." Akaijaza giaboksi, akakataa malipo. Msamaha hakuomba. Nadhani ule ndio ulikuwa msamaha. Mdogo.

Narudi, Kruza inapanda kimya kabisa. Mwanaheri kakaa kando yangu. Nikamuuliza. Akageuza uso dirishani. Akasema: Desemba, wakati mimi niko Gare kwenye msiba wa mama yangu, klachi ilisumbua. Hezekia akalipeleka gari kwa shemeji yake. Kwa Kristian! Fundi wa pikipiki! Siku mbili lilikuwa limefumuliwa uani. Kamati haikuambiwa, mimi sikuambiwa. Mwanaheri aliambiwa ni jambo dogo, asinisumbue kwenye majonzi.

Kumbe ile mikono usoni!

Alijua. Njia nzima, mke wake anagaagaa, anaisikia kazi ya mikono yake inalia chini ya sakafu. Na Hezekia — Hezekia alijua tangu lini? Siku ile ya Jumatatu mbele ya kina mama, alikuwa anajua?

Nimeacha sukari bure. Dhambi yangu siyo sukari.

Ijumaa, 14 Machi

Hezekia amekuja. Na mapeasi, kikapu kizima, yamefunikwa kwa jani la mgomba kama posa. Akakaa kwenye kiti cha mume wangu. Akauliza mvua, akauliza kabichi. Kidole kimefungwa bendeji.

Halafu akasema kesho kwenye kikao yeye mwenyewe atasimama aseme: gari limezeeka. Oili imehama kwa sababu ya uzee. Mambo yanaisha, jina langu safi, hakuna anayeumia. Kristian riziki yake ni spana, ana kichanga cha siku mbili, na mkewe ana nyuzi tumboni. "Wewe ni mama, utaelewa."

Nikamuuliza swali moja. "Jumatatu ile uliponisema, ulikuwa unajua?"

Akajibu kwamba alikuwa *hana uhakika*.

Hana uhakika! Wa kuniita mwizi uhakika alikuwa nao, wa kumtaja shemeji yake hana!

Nikamwambia mbona uzee wa gari hukuutaja siku ile. Akasimama, akafuta suruali, akasema nisali kwanza. Amshukuru nani kwa uhai wa dada yake, hakusema. Asante hakuna. Samahani hakuna. Mapeasi.

Mume wangu kala matatu. Namwangalia anavyotafuna, nimemkasirikia na yeye.

Jumamosi, 15 Machi

Adhuhuri. Naandikia ndani ya gari, bandani.

Niliwaomba kamati watoke ofisini waje hapa. Watu saba. Nikaweka beseni, nikalala chini, nikafungua. Ilitoka, ikatoka. Niliona miguu yao tu, wote wamesogea. Mzee Sharifu, mwenyekiti, na magoti yake yale mabovu, alichuchumaa, akachovya kidole, akanusa. "Basi haikuibiwa," akasema. "Imehama chumba tu."

Wakacheka! Wote! Wiki mbili watu wananihesabia hatua, leo wamecheka, yameisha. Mmoja akanipiga begani, akasema mwanamke wa shoka. Hakuna aliyesema tumekukosea.

Hezekia akasimama na daftari lake la kumbukumbu za kikao, akaanza: kama tunavyoona wenyewe, gari hili ni la siku nyingi, uchakavu… Mzee Sharifu akamnyamazisha kwa mkono. Akanigeukia. "Binti yangu. Uzee hauji kwa mwezi mmoja. Hii kitu imefunguliwa?"

Kalamu ya Hezekia ikasimama.

"Imefunguliwa, mzee," nikasema.

"Na nani?"

Na hapohapo adhana. Mzee Sharifu akanitazama kidogo, akasema tuswali kwanza, jibu halitachacha.

Kwa hiyo nina dakika chache. Nikimtaja Kristian, hapa Malindi hakuna atakayempa hata baiskeli. Jenoveva hajatoka hata wodini. Asubuhi amenitumia ujumbe, anataka mtoto aitwe Yudith! Nimeusoma mara nne. Hajui lolote, maskini.

Nisipomtaja, Hezekia ataandika *uchakavu*, kwa mwandiko wake mzuri, na msiba wa mama yangu utabaki kuwa nafasi aliyoitumia. Na mgonjwa wa kesho naye atapakiwa kwenye gari lililofumuliwa uani. Safari hii tulifika. Tulifika kwa namba mbili.

Naweza kusema "aliyelipeleka ni katibu" nikaishia hapo. Wataniuliza kwa fundi gani. Lazima wataniuliza.

Anakuja. Hezekia. Anavuka uwanja na mvua hii, bila mwavuli, daftari kalificha kifuani. Nimepandisha vioo vyote. Amefika mlangoni kwangu. Anasema kitu. Midomo naiona. Siyo samahani — samahani ningeitambua hata kwenye kioo chenye ukungu. Anasema jina la Jenoveva.

Anagonga. Kule msikitini wameanza kutoka, wanavaa viatu.

Anagonga tena.

Agonge.