Niliyekuja Kumuuguza

Baba wa wanangu,

Nimefika salama. Majibu ya uvimbe wa binti yetu umekwisha kuyasikia kwa simu. Haya mengine nakuandikia kabla yeye mwenyewe hajakusimulia na kutia chumvi.

Nilitoka uwanja wa ndege moja kwa moja hadi hospitalini. Huku ilikuwa saa nane mchana; mwilini mwangu ilikuwa bado usiku wa manane. Binti alinisihi nikapumzike. Nikamwambia, "Sikuvuka bahari kuja kulala. Daktari akileta majibu, atanikuta macho." Nikaketi wima kitini, mkoba mapajani.

Nilipofumbua macho, nilikuwa kitandani, nimevuliwa viatu, nimefunikwa hadi shingoni. Walivyonihamisha sijui. Mgonjwa ndiye aliyekuwa kitini, anamenya chungwa.

"Daktari hajaja?"

"Amekuja, amekwenda. Alitaka kukupima wewe, mama, akidhani ndiwe mgonjwa."

"Acha mzaha! Amesema nini?"

"Si saratani, mama. Kesho wananiruhusu."

Unajua sipendi kulia mbele ya watoto. Nilimkaripia tu kwamba si adabu kumwacha mzazi akikoroma mbele ya daktari. Kisha nikamvuta, tukalala wawili kwenye kitanda kile chembamba, mpaka muuguzi alipoingia na sinia kuuliza mgonjwa ni yupi.

"Hakuna," nikamjibu.

Lala kwa niaba yangu, maana sasa sipati hata lepe la usingizi.

Mkeo.